Kabla Hujanunua Mashine Mpya, Tazama Nati: Hotuba kwa Wapiga Gitaa

Wengi mlisema hamkuweza kufika Jumamosi kwenye somo langu la magitaa, wengine mlikuwa na harusi, wengine mazoezi ya kwaya, kwa hiyo nimeweka hapa yote niliyoyasema kama nilivyoyasema. Pale nilipokuwa nashika gitaa na kuonyesha kwa kidole nimejitahidi kueleza kwa maneno.

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, mambo vipi. Dada zangu wa kwaya karibuni sana, na nimefurahi kuona mmekuja na magitaa yenu kabisa manake kuna mtu alisambaza maneno kwamba somo la leo ni la mafundi tu. Hapana jamani. Somo la leo ni la kila anayeshika gitaa la umeme, awe anapiga kanisani, awe anapiga bendi ya dansi, awe anajifunza chumbani kwake na amplifaya ndogo.

Nianze na swali. Nani hapa hajawahi kutyuni gitaa lake vizuri kabisa, tyuna, kile kipimo cha sauti, inawaka kijani nyuzi zote sita, akaanza wimbo, akifika kiitikio cha pili uzi wa tatu umeshashuka? Anyooshe mkono. Naona hakuna. Sasa likitokea hilo huwa tunalaumu nini? Tunalaumu nyuzi, tunalaumu mashine za kukazia, zile za kichwani unazozungusha kukaza uzi, tunalaumu joto la ukumbini, tukichoka tunalaumu gitaa zima tunasema hili la bei rahisi hili, halikai. Je, nani kati yenu alishawahi kulaumu nati?

Nati ni kile kipande chembamba, cheupe au cheusi, kiko pale freti bodi, ule ubao wa shingo wenye vile vyuma vya freti, inapoishia na kichwa cha gitaa kinapoanza. Upana wake kwenye magitaa mengi ya umeme ni milimita 42 au 43 hivi, na juu yake kuna mifereji sita, kila uzi na mfereji wake. Ndo hicho. Kidogo, hakina skrubu, hakina umeme, dukani hakuna anayekuuliza kimetengenezwa na nini. Lakini ukipiga uzi bila kubonyeza freti, kipande cha uzi kinacholia kinaanzia pale na kinaishia kwenye briji, kile chuma kinachobeba nyuzi huku mwilini, na kila ukikaza au kulegeza, kila ukibendi, yaani ukisukuma uzi pembeni kwa kidole ili sauti ipande, uzi unapita juu ya nati. Lazima upite. Lazima uteleze. Hilo neno kuteleza naomba mlishike manake nitalirudia mpaka mchoke.

Ngoja nieleze kinachotokea. Ukibendi uzi unauvuta, sasa kile kipande kilicholala kati ya nati na mashine kinatoa uzi kidogo, kidogo sana hata kwa macho huoni, unaingia upande wa shingo. Ukiachia, ule uzi kidogo unatakiwa urudi ulikotoka. Mfereji ukiwa laini unarudi. Mfereji ukiwa umebana au una uchafu haurudi, unabaki upande wa kupigia, na upande huo sasa umelegea kuliko ulivyokuwa, sauti imeshuka. Na wenye mkono wa tremolo, ule unaotingisha briji, ni kinyume chake: ukisukuma mkono chini nyuzi zinalegea, uzi unavutwa kuelekea kwenye mashine, ukiachia unakwama hukohuko, sauti inapanda juu ya ilivyokuwa. Kwa hiyo mtu anabendi uzi unashuka, anatumia tremolo uzi unapanda, anakuja kwangu anasema fundi gitaa langu lina mapepo. Halina mapepo. Halitelezi tu.

Kuna kijana mmoja anapiga solo kwenye bendi, mkono wake mzuri sana, gitaa lake ni la umbo la Les Paul, lile gitaa maarufu la Gibson, siyo lenyewe ila la kuiga. Alihama kutoka nyuzi za saizi 9, zile nyembamba, akaenda saizi 11, nene zaidi, kwa sababu alitaka sauti nzito. Kuanzia siku hiyo uzi wa tatu ukawa haukai. Akanunua mashine mpya za kukazia, za kulok, zile zinazoubana uzi, za gharama, akazifunga, haukukaa. Akabadilisha briji. Haukukaa! Alipoleta gitaa nikamwomba kitu kimoja tu, nikamwambia tyuni uzi wa tatu taratibu bila kuunganisha amplifaya na weka sikio hapa kwenye kichwa. Akazungusha, kimya, mshale wa tyuna hausogei, akazungusha tena, hausogei, alafu ghafla *ting!* na mshale ukaruka ukapitiliza. Nikamwambia hiyo ting ndo ugonjwa wako wote.

Mfereji wake ulichongwa kwa uzi wa elfu 16 za inchi, yaani inchi moja uigawe vipande elfu uchukue 16, yeye ameweka wa elfu 18. Tofauti ni elfu mbili za inchi, kitu cha nusu ya sehemu ya kumi ya milimita, na inatosha kuharibu shoo nzima. Tena magitaa ya umbo lile yana tabu ya ziada. Les Paul tangu ilipotoka mwaka 1952 kichwa chake kimeinamishwa nyuma, zile za mwanzo digrii 17, na mashine ziko tatu upande huu tatu upande ule, kwa hiyo uzi wa tatu na wa nne zikitoka kwenye nati zinapinda mara mbili, zinapinda chini na zinapinda pembeni. Zinasugua ukuta wa mfereji. Ndo maana mwenye gitaa la namna ile karibu kila mara atakulalamikia uzi wa tatu. Stratocaster ya Fender, iliyotoka 1954, ina kichwa kilichonyooka, mashine sita mstari mmoja, uzi unatoka kwenye nati haupindi pembeni, ila nayo ina vile vishikio vidogo vinavyokandamiza nyuzi nyembamba chini pale kichwani, na vile navyo vinasugua, kwa hiyo ukipaka kilainishi usivisahau.

Yule kijana nilimpanulia mfereji kidogo kwa tupa ya saizi yake, nikasugua penseli, basi. Mashine zake za zamani zilikuwa nzima siku zote. Inauma sana kuona mwanamuziki anayelipwa kidogo kidogo kwenye shoo anamaliza hela kwenye vyuma ambavyo havikuwa na kosa lolote!

Mnataka kujua nyumbani kama ni nati au ni kitu kingine? Tyuni uzi wa tatu vizuri. Ubendi kwa nguvu mara kadhaa, achia, tazama tyuna, uone umeshuka. Sasa usiguse mashine. Chukua kidole, bonyeza uzi nyuma ya nati, pale kati ya nati na mashine, uachie. Sauti ikirudi juu ilipokuwa, au ikapanda karibu na hapo, basi uzi ulikuwa umekwama kwenye mfereji na wewe umeuvuta ukarudi. Ni nati hiyo. Ikiwa hairudi kabisa, hapo nenda kaangalie ulivyofunga uzi kwenye mashine, angalia kama ni mpya haujavutwa vizuri, angalia briji. Nyuzi mpya ambazo hujazivuta kwa mkono zitashuka hata kama nati ni ya dhahabu, hilo tusidanganyane, na nyuzi zilizoota kutu nazo kwetu huku pwani na jasho na chumvi hazina miezi mingi.

Dawa ya kwanza ni usafi na penseli. Legeza uzi mmoja, utoe kwenye mfereji usogeze pembeni, usilegeze zote sita kwa pamoja. Mswaki wa zamani mkavu, sugua mfereji, utashangaa kinachotoka humo, vumbi limeshikana na jasho na unga mweusi wa nyuzi. Alafu penseli laini, 2B ni nzuri kuliko HB, ichonge incha yake iwe ndefu, sugua ndani ya mfereji mpaka chini pang'ae rangi ya kijivu. Ukitaka zaidi, kwaruza unga wa penseli kwenye karatasi, changanya na mafuta ya mgando kidogo kama kichwa cha kiberiti, weka kwa ncha ya kijiti cha meno kwenye kila mfereji, futa kilichozidi. Rudia kila unapobadilisha nyuzi. Hela iliyotumika hapo ni ya penseli. Msitumie mafuta ya kupikia, msitumie mafuta ya cherehani, nawaomba, yanaingia kwenye mbao chini ya nati na yanakusanya vumbi na baada ya mwezi uko pabaya kuliko ulipoanza.

Na ukitaka kujua kama watu wakubwa wanalijua jambo hili, tazama magitaa yao. Brian May, mpiga gitaa wa bendi ya Queen, alijenga gitaa lake mwenyewe na baba yake nyumbani Uingereza, wakaanza 1963, na pale mwanzo wa shingo wakaweka freti sifuri, yaani uzi unakaa juu ya freti ya chuma na ile nati nyuma inabaki kazi ya kupanga nafasi tu. Hata kwenye briji aliweka vigurudumu ili uzi uteleze. Jeff Beck, yule mpiga gitaa Mwingereza ambaye mkono wa tremolo ulikuwa kama sehemu ya mwili wake, Stratocaster iliyotolewa kwa jina lake ilikuwa na nati ya vigurudumu. Floyd Rose, mpiga gitaa na mbunifu Mmarekani, yeye mwisho wa miaka ya 1970 akaja na njia ya tofauti kabisa, akasema kama uzi unasumbua kupita kwenye nati basi usipite, akaubana palepale kwa vyuma na skrubu, ukishakaza hausogei hata uufanye nini, unatyuni kwa vile vifungo vidogo kwenye briji. Watu watatu, njia tatu, na wote walikuwa wanahangaika na kitu kilekile nilichowaambia. Mimi binafsi kwa mtu wa bendi ya kawaida simshauri Floyd Rose, uzi ukikatika katikati ya shoo utatafuta spana wakati wenzako wanapiga.

Haya, tuje kwenye kimo cha mifereji ya nati. Hapa naomba walimu wa muziki mnisikilize.

Kuna binti aliletwa kwangu na mama yake. Kwenye kwaya wamemwambia hana sikio. Akipiga kodi za chini, F, C, zile za freti ya kwanza na ya pili, zinasikika chungu, na akipanda juu freti ya saba, ya tisa, zinakuwa tamu. Yeye mwenyewe alikuwa anasikia kwamba ni chungu! Mtu asiye na sikio angesikiaje? Lakini ameshaambiwa hana, ameshaamini, na alitaka kuacha. Nikachukua gitaa nikatyuni nyuzi zote, kijani, nikampa tyuna nikamwambia bonyeza uzi wa tano freti ya kwanza tu, tazama. Mshale ukaenda kulia. Uzi wa nne, kulia. Uzi wa tatu, kulia zaidi. Gitaa lilitoka dukani na mifereji haijachongwa vya kutosha, nyuzi ziko juu mno pale mwanzo, kwa hiyo akibonyeza freti ya kwanza uzi unashuka safari ndefu mpaka ufike kwenye freti, na ukishuka hivyo unavutika, na ukivutika sauti inapanda. Kadiri unavyoenda mbali na nati tatizo linapungua, ndo maana juu kulikuwa kutamu. Vidole vyake vilikuwa vimeota sugu kwa kulazimisha F kwenye gitaa ambalo hata mimi lilinitoa jasho.

Sasa hivi binti huyo anapiga rizimu kila Jumapili, na walimu, tafadhali, kabla hamjamwambia mtoto hana sikio, bonyezeni freti ya kwanza mkiwa na tyuna mkononi.

Namna ya kupima kimo bila kifaa: bonyeza uzi kwenye freti ya tatu, alafu tazama pale juu ya freti ya kwanza. Kati ya uzi na freti kunatakiwa kuwe na upenyo mdogo sana, kwa uzi wa kwanza ni unene wa unywele, kwa uzi wa sita karatasi ya daftari ipite. Gonga uzi kwa kidole pale juu ya freti ya kwanza, usikie kimlio kidogo. Kama hakuna upenyo kabisa, uzi umelala juu ya freti, nati iko chini mno na ukipiga uzi wazi utasikia unakwaruza. Kama kadi ya benki inapita hapo, nati iko juu mno, tena mno. Wenye fila geji ya gereji, ile ya kupimia plagi, ni nzuri zaidi.

Kuchonga ni kwa subira. Tupa za nati zenye saizi za nyuzi zipo, ni ghali, ukiweza nunua mkiwa kikundi. Mimi nimefanya kazi nyingi na vile visindano vya kusafishia tundu la tochi ya gesi, mafundi wa kuchomelea wanavyo, vina meno madogo na vinakuja saizi mbalimbali, vinafaa kwa nyuzi nyembamba. Unachonga ukiinamisha kuelekea kwenye kichwa, ili sehemu ya juu kabisa ya mfereji iwe ule ukingo wa upande wa freti. Ukikosea ukaacha kilele nyuma, uzi unatoa zzzz na tyuni inakuwa ya uongo. Chini pawe duara, pasiwe herufi V, manake V inaukaba uzi. Sugua mara chache, rudisha uzi, tyuni, pima, toa tena. Na usizamishe uzi mzima ndani, nyuzi nene nusu yake ionekane juu. Ukishapitiliza, kuna njia ya kujaza, unga wa mfupa na tone la supaglu, unaacha ikauke unachonga upya, inashika kwa muda, lakini mimi naiita huduma ya kwanza tu.

Jambo la mwisho kubwa ni upana, na hili naligusa kwa ajili ya wazee wangu wa dansi mliokaa huku mbele.

Mnajua wenyewe ile staili ya Kongo ya mi-composé. Uzi wa nne unatolewa, badala yake unawekwa uzi mwembamba unatyuniwa oktavu moja juu, na ndipo linapotoka lile gitaa la kati linalometameta kati ya rizimu na solo. Mzee mmoja aliyepiga sekondi solo miaka mingi alikuja analalamika uzi wake ule wa nne unazungumza ovyo, ukiupiga kwa nguvu sauti inayumba, ukiupiga taratibu unakwaruza. Tazameni hesabu yake. Mfereji wa uzi wa nne kwenye seti ya saizi 10 umechongwa kwa elfu 26 za inchi. Yeye ameweka uzi wa elfu 10. Uzi unacheza ndani ya mfereji unaoweza kuzidi upana wake zaidi ya mara mbili! Kila akipiga unahamia ukuta wa kushoto, unahamia wa kulia, hauna pa kutulia. Alikuwa ameweka kipande cha karatasi ya sigara chini ya uzi, na kwa muda ilisaidia, wazee hawa walibuni mengi wakati hakuna duka wala fundi, nawaheshimu sana kwa hilo.

Mfereji ukishapanuka haupungui. Kwa hiyo kama gitaa lako ni la mi-composé moja kwa moja, chongewa nati yake peke yake yenye mfereji mwembamba pale kwenye uzi wa nne, na ile ya zamani uitunze kwenye begi. Nati nyingi zimeshikwa kwa gundi kidogo tu. Kata rangi pembeni kwanza kwa wembe ili isibanduke pamoja na nati, alafu weka kijiti cha mbao na ugonge taratibu sana, itaachia. Ukipiga kwa hasira unang'oa kipande cha freti bodi.

Na mfupa wenyewe mnauliza unatoka wapi? Buchani. Mfupa wa mguu wa ng'ombe, ule mnene. Chemsha utoe uboho na mafuta, usiuchemshe siku nzima ukawa laini, kausha vizuri kwa wiki kadhaa mahali penye upepo, kata, sugua kwa msasa. Unapokata na kusugua vaa barakoa, ule unga siyo mzuri kifuani. Mfupa ukikauka vizuri ni mgumu, unateleza, unadumu, na mimi nauchagua mbele ya plastiki laini inayokuja na magitaa ya bei ndogo, ile ambayo ndani yake ina uwazi na uzi unaila kama siagi. Wanaouza nati za grafiti na za kutengenezwa viwandani nazo ni nzuri, kama una mtu wa kukuletea chukua, pima kwanza upana na mkunjo wa chini kabla hujalipa.

Ndugu yangu pale nyuma umeuliza, je nikishatengeneza nati sitatyuni tena? Utatyuni. Joto likibadilika utatyuni, ukipiga kwa nguvu utatyuni. Na ukityuni, uzi ukiwa juu ya sauti usiishie kuulegeza mpaka pale pale, ushushe uvuke chini alafu upandishe mpaka ufike, ili mashine na nati vyote viwe vimevutwa upande mmoja. Tofauti ni kwamba utatyuni kabla ya wimbo, wenzako hawatakusubiri katikati ya wimbo.

Nimeongea sana. Penseli za 2B ziko hapa mezani, mswaki upo, kijiti cha meno kipo, na fila geji nimeazima kwa jirani yangu wa gereji kwa hiyo isiondoke humu. Mwenye gitaa alilete mbele, tuanze na uzi wa tatu, na wakati mnakaza naomba ukumbi uwe kimya tusikilize zile ting.